Vidoti Arobaini na Kimoja

Benchi letu liko nyuma ya nyumba ya boila, Chuo cha Brackett, Pennsylvania, pembeni ya njia inayotoka mabwenini kwenda maktaba. Tuko wanne. Boila ni Walt Zielonka, anayeendesha mitambo ya joto. Spika ni Duane Purcell, dereva wa gari la jikoni, anayeweza kuzungumza huku anatafuna. Dikoni ni Lyle Hostetter, fundi seremala, shemasi kanisani kwake. Mimi wananiita Gazeti, kwa kuwa nilikuwa mhariri wa gazeti la mji mpaka lilipofungwa. Sasa napanga barua za chuo. Kila siku ya kazi tunakunywa kahawa hapo kuanzia saa tatu na robo asubuhi, na saa tatu na nusu tunatawanyika. Alhamisi ile hatukutawanyika. Saa nne tulitakiwa wote Ofisi ya Usawa, kujibu malalamiko ya wanafunzi. Barua nilizigawa mwenyewe Jumatatu, bahasha nne, moja yangu. Kilichotuponza ni ramani. Ofisi ilitundika ramani ya chuo ukumbi wa chakula na kuweka pakiti za vidoti vyekundu vya kunata: mwanafunzi abandike kidoti mahali alipowahi kusumbuliwa. Maegesho ya magari yalipata tisa. Nyumba ya wavulana wenye sherehe za Jumamosi ilipata kumi na vinne. Benchi letu lilipata arobaini na kimoja. Nilivihesabu mara mbili.

Spika: Arobaini na kimoja! Sisi wenyewe tuko wanne.

Dikoni: Sasa hiyo ni hesabu gani, bwana?

Spika: Nasema tu. Ni mtu mmoja huyo. Kasimama kwenye foleni ya mayai, foleni haisogei, mkono unamwasha. Pap, pap, pap. Kamaliza pakiti.

Boila: Kwa nini amalizie kwetu?

Spika: Tuko katikati ya ramani, mzee! Fumba macho ubandike, unatupata sisi.

Boila: Mimi nimesema ni taa. Taa hii inazimika-zimika. Mtoto wa kike akipita gizani lazima aogope.

Taa ilikuwa juu ya vichwa vyetu, na juu ya ngazi alikuwa Marisol Ybarra, fundi umeme mpya, wiki yake ya pili kazini. Boila ndiye aliyejaza fomu ya kumwita. Alitaka tukifika ofisini tuseme taa imeshatengenezwa.

Marisol: Mnakaa hapa saa ngapi?

Boila: Saa tatu na robo.

Marisol: Usiku?

Boila: Asubuhi.

Marisol alifungua kifuniko cha taa.

Dikoni: Mimi nadhani ni mvuke. Sikilizeni kwanza, msicheke. Msichana anapita, ana mawazo yake. Mvuke unamtokea miguuni pale kwenye wavu wa chuma njiani, puuu! Anashtuka. Mshtuko unakaa mwilini. Wiki mbili baadaye anaiona ramani, mwili unakumbuka. Anabandika.

Spika: Mvuke ungekuwa na kosa, Dikoni, barua ingeandikiwa mvuke.

Dikoni: Basi ni kuchakuro. Wale wa mti ule wamezidi. Mmoja alimrukia mwalimu wa kemia.

Spika: Kuchakuro arobaini na mmoja? Mimi nawaambia kitu, na mkininukuu nitakana. Hapa panatakiwa. Wanataka kujenga kibanda cha juisi. Nimemwona mtu na futi ya kupimia. Sasa wazee wanne wenye chupa ya kahawa utawaondoaje bila ugomvi? Unawatafutia kashfa.

Boila: Yule mwenye futi alikuwa anapima theluji mwaka jana.

Spika: Ndivyo alivyokwambia. Au ni wale wa saikolojia. Sisi ni panya wa maabara, tunaandikwa. Ndiyo maana kahawa ina ladha ya chuma tangu Septemba.

Boila: Kahawa ina ladha ya chuma kwa sababu huoshi chupa.

Dikoni alicheka. Boila hakucheka. Ndiye peke yake kati yetu mwenye mtoto pale chuoni. Corinne yuko mwaka wa tatu, anasomea uuguzi, na anasoma bure kwa sababu baba yake ni mfanyakazi. Walt akifukuzwa kazi, nafasi ya Corinne inakwenda naye. Tulilijua hilo wote. Tangu Jumatatu alikuwa akinyoa ndevu kila siku, na siku hiyo alivaa tai ndani ya ovaroli.

Boila: Gazeti, umefika wapi?

Nilikuwa naandika maelezo ya pamoja, tuyatie sahihi wote. Nikamsomea: "Sisi tunaokaa kwenye benchi hili tumekuwa tukiwasalimu wanafunzi kwa upendo wa wazazi."

Boila: Vizuri. Upendo wa wazazi. Weka na kwamba mimi ni mzazi hapa.

Spika: Weka na kwamba hatujamgusa mtu. Hata kidole! Kusalimia tu. Siku hizi ukimwambia mtu atabasamu kidogo unaitwa ofisini.

Marisol: Mnawasalimu mnasemaje?

Sauti ilitoka juu, tukainua shingo wote wanne.

Spika: Unasemaje, dada?

Marisol: Nauliza salamu yenyewe.

Spika: Habari za asubuhi.

Marisol: Basi?

Spika: Na jina.

Marisol: Mnawajua majina?

Dikoni: Majina ya kwetu hapa. Yeye Spika, mimi Dikoni. Na wao tunawapa. Utani, binti yangu. Hapa hakuna asiye na jina.

Majina nilikuwa nayatunga mimi. Kwa miaka kumi na tisa nilitunga vichwa vya habari, nikajifunza kwamba jina zuri ni fupi, linaonyesha kitu kimoja, na halisahauliki. Mtu akitokea kwenye kona ya bweni, Spika ananigeukia, nampa. Koti Jekundu. Bibi Haraka. Hayo mawili naweza kuyaandika hapa. Mengine yalihusu miili yao, siyaandiki. Spika alikuwa anayapaza sauti. Dikoni alikuwa anacheka akiangalia viatu vyake. Boila alikuwa anasema, "Acheni, jamani," kwa sauti ambayo tuliisikia sisi tu, kisha anazungusha chupa ya kahawa.

Spika: Wanapenda! Muulize Koti Jekundu. Yule anaweza kuja kututetea hata sasa hivi. Alikuwa anatabasamu kila akipita.

Dikoni: Ni kweli, alikuwa anatabasamu.

Marisol: Nani huyo?

Spika: Koti Jekundu.

Marisol: Jina lake.

Spika alimtazama Dikoni. Dikoni alinitazama mimi. Tulikuwa tumemwona kwa miaka miwili.

Marisol: Na bado anatabasamu?

Spika: Siku hizi ana haraka.

Haikuwa haraka. Septemba, wiki ya pili ya masomo, alisimama mbele yetu. Alikuwa amekumbatia vitabu. Alisema, "Naomba mniache nipite tu." Spika aliinuka, akavua kofia, akainama mpaka magotini, akasema, "Pita, malkia wangu." Tukacheka. Mimi nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Tangu siku ile anavaa koti jeusi. Niliwakumbusha.

Dikoni: Kumbe alimaanisha?

Spika: Angemaanisha angesema kwa ukali. Alisema kwa upole.

Boila: Alisema "naomba," Duane.

Ilikuwa mara ya kwanza Boila kumwita Spika kwa jina lake. Spika alifungua mdomo, akaujaza donati.

Marisol: Mimi nimefanya lile somo la kuzuia usumbufu, la kwenye kompyuta, wiki ya kwanza. Linasema mfanyakazi akiona jambo kama hili lazima aripoti, hata kama anayefanya ni rafiki yake. Ninyi hamkufanya?

Dikoni: Tunafanya kila mwaka. Mia kwa mia, wote.

Marisol: Na linasemaje?

Dikoni: Tunalifanya pamoja, kule karakana. Spika anabonyeza, sisi tunakula.

Spika: Majibu ni yale yale! La kwanza C, la pili A. Kwa nini watu wanne waumize macho?

Saa ya mnara ilionyesha nne kasoro dakika ishirini. Boila alijifuta mikono, akatoa simu.

Boila: Nampigia Corinne. Aje akae nasi hapa. Yule mama wa ofisi dirisha lake linatazama huku. Akimwona mtoto wangu amekaa na ninyi anakunywa kahawa, ataelewa. Halafu twende naye, aseme mwenyewe mimi ni mtu gani. Mimi na ninyi.

Dikoni: Hilo ni wazo.

Spika: Hilo ndilo wazo! Mwanafunzi, wa kike, na ni mtu wetu.

Mimi nilirudi kwenye karatasi yangu. Boila alikuwa na grisi kwenye vidole, kwa hiyo aliiweka simu juu ya benchi, akafungua sauti ya nje. Iliita mara tano.

Corinne: Baba? Kuna nini?

Boila: Hakuna kitu, mama. Uko wapi?

Corinne: Bwenini. Natoka sasa hivi.

Boila: Safi. Njoo hapa benchini dakika tano, kabla ya saa nne. Kuna donati.

Corinne: Benchi gani?

Boila: Letu. Nyuma ya boila.

Tulisikia mlango wa chumba chake ukifungwa.

Corinne: Tukutane maktaba, Baba.

Boila: Maktaba kuna nini? Uko hapo karibu, hatua mia mbili. Naliona dirisha lako.

Corinne: Sipiti hapo.

Boila: Hupiti tangu lini?

Corinne: Tangu mwaka wa kwanza. Kabla hujaanza kukaa hapo.

Boila: Si uliniambia unazunguka bwawani kwa sababu ya bata?

Corinne: Ndiyo.

Boila: Sasa?

Corinne: Sasa nini, Baba?

Boila aliichukua simu juu ya benchi. Alisahau kuzima sauti ya nje, au hakujali.

Boila: Corinne. Ile ramani ya ukumbini. Na wewe ulibandika?

Alisubiri. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia lami.

Corinne: Nina kipindi, Baba.

Simu ikakatika. Boila aliendelea kuishika kama mtu anayesoma ujumbe, ingawa kioo kilikuwa kimezima.

Spika: Mtandao wa hapa mbovu sana. Hizi kuta za boila.

Dikoni: Na uuguzi una mitihani. Mpwa wangu alisomea, alikuwa halali usiku. Anaweza kusema lolote.

Spika: Au kuna mtu kamlisha maneno. Wanakaa hao, wanajazana ujinga. Boila, sikiliza, tumwandikie na yeye sentensi mbili, aje aweke sahihi tu. Gazeti atamwandikia. Si ndiyo, Gazeti?

Niliifunika kalamu. Marisol alikuwa ameshuka. Alikunja ngazi, akakusanya bisibisi zake moja moja kwenye mkoba wa kiunoni.

Marisol: Taa yenu ni nzima. Haijawahi kuharibika.

Boila: Asante.

Marisol: Walt, mwanao alianza chuo lini?

Boila: Septemba, mwaka juzi.

Marisol: Na wewe ulianza kukaa hapa lini?

Boila: Januari iliyofuata. Mwenzangu alistaafu, upweke ukanishinda kule ndani. Zamani nilikuwa nakunywa kahawa yangu mbele ya geji za mvuke.

Marisol aliinua ngazi, akaiweka begani. Kisha akatugeukia sisi watatu. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua swichi iko upande gani.

Marisol: Kwa hiyo hapo katikati, kabla hamjajua ni mtoto wake, yeye mlimpa jina gani?

Spika aliangalia gari lake. Dikoni alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena.

Januari ile, siku yake ya kwanza kwenye benchi, Walt alitoa pochi na kutuonyesha picha. Alisema, "Huyu ndiye wangu." Spika alinitazama. Mimi nilitazama kikombe. Dikoni alisema mtoto amefanana na mama. Tukampisha Walt mahali pazuri, pale penye joto la ukuta, na kwa wiki kadhaa tulimchekea kila alichosema. Alidhani tumempenda. Wala hatukuwahi kulizungumza, hata tukiwa watatu.

Marisol alikuwa ameshaondoka na ngazi yake. Swali alituachia.

Boila: Lyle?

Dikoni: Ni zamani hiyo, Walt.

Boila: Duane?

Spika: Mimi huwa napaza tu, kaka. Situngi.

Walt aligeuka upande wangu. Tai ilikuwa imepinda, na kwenye kola kulikuwa na alama ya grisi ya kidole chake mwenyewe.

Boila: Gazeti, wewe huwa unakumbuka kila kitu.

Nilikuwa nakumbuka. Ni maneno mawili. Nilikuwa nakumbuka na asubuhi yenyewe, na mkoba aliobeba, na jinsi Spika alivyoniambia hilo ndilo bora kuliko yote ya mwaka ule.

Walt alisubiri. Kengele ya saa nne ilipolia kwenye mnara, bado alikuwa anasubiri.