Bi Moja Tena na Kochi la Kustaafia

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mkuu wa Ukumbi wa Mazoezi wa hospitali yetu anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimamisha watu. Nasema kusimamisha kwa maana yake halisi: watu huletwa kwake wamelala au wameketi, na kazi yake imekuwa kuwainua. Jina lake limeandikwa kwenye kadi ya mwaliko, lakini sijui nani analitumia. Wagonjwa, madaktari, hata mlinzi wa getini humwita Bi Moja Tena, kwa sababu ukishamaliza zoezi na kudhani umenusurika, ndipo anapokuambia moja tena.

Kamati ya maandalizi ya sherehe ya kumuaga imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, chumba kimoja, birika moja la chai. Imenisisitizia niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila nawaambia mapema kwamba sina moyo wa kuchangamka, na mtakaofika mwisho mtaelewa kwa nini.

Alipoajiriwa, ukumbi huu ulikuwa stoo ya vitanda vibovu. Alivitoa mwenyewe akisaidiana na wafagizi, akaomba magodoro ya sakafuni, akaomba vile vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, na akang'ang'ania kioo kirefu ukutani ili mgonjwa ajione anavyosimama. Ofisi ya manunuzi ilimwambia kioo ni anasa. Alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi hiyo kila asubuhi, akisalimia kila anayepita kwa adabu zote, mpaka wakachoka kuona uso wake. Kioo kikaja.

Lakini kilichomtofautisha hakikuwa vifaa. Madaktari hutuletea wagonjwa kwa jina la ugonjwa: goti, nyonga, kiharusi. Yeye aliwapanga kwa hulka. Swali lake la kwanza kwa ndugu wa mgonjwa halikuhusu mguu wala mgongo. Aliuliza huyo mtu wao akishindwa karata huwa anafanyaje. Ndugu wengine walinitazama mimi kana kwamba wanaomba mtaalamu mwingine, lakini walijibu, na majibu yale ndiyo yaliyoongoza tiba.

Anayetupa karata mezani na kuondoka alianzishiwa zoezi ambalo hata akitaka kushindwa hawezi. Anayetafuta wa kumlaumu alipewa ratiba aisimamie mwenyewe, ili akose wa kumsingizia. Na yule anayecheka na kudai mchezo mwingine aliwekwa katikati ya ukumbi, mbele ya watu wote, akataniwa mpaka akatembea kwa ubishi tu. Alikuwa akituambia kwamba watu hawachukii mazoezi. Wanachukia wanavyoonekana wakiyafanya.

Mtamkumbuka mwalimu mkuu aliyevunjika nyonga, ambaye kwa wiki nzima aligoma kunyanyua mguu kwa madai kwamba yeye hakusomea kurushwarushwa kama mtoto. Bi Moja Tena hakubishana naye. Alimwomba amsaidie kusimamia wenzake wanne waliokuwa wavivu. Mwalimu alipoona hawamfuati vizuri, akasimama kuwaonyesha, na akajikuta amesimama. Mtamkumbuka pia fundi cherehani aliyekuwa akiogopa hata neno lenyewe zoezi. Huyo hakupewa zoezi lolote. Alitumwa tu, kila siku, amletee Bi Moja Tena kitambaa kutoka meza ya mbali, na meza ikawa inasogezwa mbali zaidi bila yeye kuambiwa. Dereva wa lori yeye shida yake ilikuwa kinyume: alitaka kumaliza tiba ya miezi kwa siku tatu, akauchana msuli uleule uliokuwa ukipona. Alipangiwa kupumzika, akaambiwa hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote ukumbini. Alipumzika kwa bidii ya ajabu.

Na sisi wafanyakazi hatukusalimika. Mkurugenzi alipoanzisha mazoezi ya Ijumaa jioni, mhasibu wetu alifika na viatu vipya, saa ya kupima mapigo ya moyo na taulo ya shingoni, akatueleza faida za kukimbia. Mpishi wa jikoni kuu alifika na kandambili, akasema amekuja kusikia umbea. Bi Moja Tena aliwatazama wote wawili akaninong'oneza nani atabaki. Viatu vya mhasibu sasa anavivaa mdogo wake. Mpishi bado anakuja kila Ijumaa na umbea wake, na presha yake imeshuka. Mhasibu anisamehe, tulikubaliana niandike kweli.

Sasa nafika pale ambapo kamati ingependa niruke.

Mwaka juzi, mume wa Bi Moja Tena alipata kiharusi. Wengi mnamfahamu shemeji yetu, fundi vigae, aliyetandika sakafu ya wodi ya wazazi ambayo haina kigae kimoja kilichopinda. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi na mkono ukalegea. Daktari alisema atatembea, tena mapema, ikiwa atafanya mazoezi. Tulifurahi. Tulisema ana bahati gani, kalala na mtaalamu nyumba moja miaka yote hii.

Bi Moja Tena alijiuliza swali lake la karata na akajijibu mwenyewe. Shemeji akishindwa karata anacheka, anazichanganya upya, anamwambia mkewe hatoki mtu hapa. Kwa hiyo akamleta ukumbini, akamweka katikati, kwenye vile vyuma, mkabala na kioo, watu wamejaa. Akamtania kama alivyowatania mamia. Alisema fundi mzima kashindwa na hatua moja. Wagonjwa wakacheka kwa upendo. Shemeji alinyanyua mguu, ukakataa, akateleza polepole mpaka chini. Ndipo wagonjwa, kwa nia njema kabisa, wakampigia makofi ya kumtia moyo.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliuona uso wake kwenye kioo, na najua naye aliuona. Tulipomrudisha kwenye kiti cha magurudumu, aliomba arudishwe nyumbani, akaomba kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Alichosahau dada yetu ni kitu ambacho kila mteja wa mumewe anakijua. Fundi yule akishaanza kazi hufunga mlango. Hata mwenye nyumba haruhusiwi kuchungulia mpaka kigae cha mwisho kikauke na sakafu ifutwe. Hajawahi kumwonyesha mtu kazi nusu. Karata alizokuwa akicheka ni zile za mezani kwake, usiku, yeye na mkewe, mlango umefungwa. Mbele ya wateja hakuwahi kucheza hata mara moja. Bi Moja Tena alijibu swali kama mke, na kwa mgonjwa mwingine yeyote angewauliza ndugu, angeambiwa.

Aligundua jioni ileile. Tangu hapo amejaribu kila njia anayoijua, na anazijua nyingi. Amemtengea chumba, akafunga pazia, akatoa kioo cha kabati. Ametoka nyumbani makusudi ili mume ajaribu peke yake. Ameniomba mimi niende badala yake, nami nimekwenda siku za Jumamosi, nikakaa na shemeji dirishani. Ananikaribisha vizuri, anauliza habari za kazi, tunacheka. Nikigusa habari ya mguu, ananiambia kwa upole kwamba hana kinyongo na mkewe, kwamba mke mwema kama huyo hajapata kuonekana, ila yeye ameshajiona na hataki kujiona tena. Mguu sasa umekonda na goti limeanza kukaza. Sisi wa kazi hii tunajua kwamba goti likishakaza kabisa, halimsimamishi mtu tena. Bi Moja Tena analiona kila asubuhi anapomvalisha soksi, kisha anakuja hapa kuwasimamisha waume wa wengine.

Kabla ya kuyatoa haya niliwaomba ruhusa wote wawili. Dada alisoma, akasema niache kama yalivyo, maana amechoka kuulizwa mzee anaendeleaje na watu wanaosubiri jibu zuri. Shemeji hakutaka hata kusomewa. Alisema niandike ninavyopenda, yeye hatakuwepo kwenye sherehe. Hapo ndipo nilipokata tamaa hasa. Mtu aliyekuwa akifunga mlango asionekane na kazi nusu, sasa hajali nani anamwona. Ningefurahi mno kama angenifukuza.

Limebaki jambo la zawadi. Kamati, kwa michango yenu, imemnunulia Bi Moja Tena kochi la mtu mmoja, lenye mito laini na mahali pa kuegemeza kichwa, apumzishe mgongo. Mimi sikuwepo kikaoni. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwatoa watu kwenye viti, tumemnunulia kiti. Atatushukuru, kwa sababu ana adabu. Litapelekwa kwake, litawekwa dirishani, na sote tunajua ni nani atakayelikalia.

Nilitaka lirudishwe dukani, kamati ikakataa. Basi nililipeleka karakana kwa seremala wa hospitali, nikamwomba alinyanyue miguu na kuziimarisha sehemu za kuwekea mikono. Ukikaa chini sana, goti dhaifu haliwezi kukutoa. Ukikaa juu kidogo, mwili unakuwa nusu umeshasimama, na ni wewe tu kumalizia. Mwenyekiti wa kamati amelalamika kwamba kochi sasa linafanana na kiti cha kinyozi. Nimekubali lawama. Sidhani litasaidia. Nimemjua shemeji muda wa kutosha, na sijaona dalili.

Dada, hospitali inakushukuru kwa wote uliowainua, na mimi nakushukuru kwa kunifundisha kumtazama mtu kabla ya kuutazama mguu wake. Tunakutakia maisha mema, wewe na mwenzako. Kochi litakapofika, liache dirishani, ufunge mlango, uende sokoni usikimbilie kurudi. Hatuombi makubwa. Tunaomba asimame mara moja, bila mtu wa kumwona. Moja tu. Nyingine utamdai mwenyewe, utakaporudi.