Uraia wa Koplo Letchumi

Kwenye basi la kwenda Woodlands, mpakani mwa Singapore na Malaysia, Bi Rohaya alimsikia jirani yake, mzee Teck Huat, akilumbana na gazeti. Wabunge walijadili kuwapa uraia askari wa kutoka nje, maana vijana wa Singapore hawajiungi na polisi.

“Waongeze askari wa akiba! Uraia haugawiwi kama pipi.”

Mwanamke mwenye sare ya polisi akageuka. “Mjomba, mimi Letchumi, mtu wa Ipoh, kule Malaysia. Mwaka wa kumi na moja huu nalinda mpaka wenu.”

“Si unalipwa?”

“Nalipwa kusimama. Kisu nilichochomwa hakikuwemo kwenye mkataba. Haya, rudia maneno yako ukinitazama usoni.”

Mzee alifungua mdomo, basi likasimama mpakani. Letchumi akavaa kofia, akatangulia kushuka. Mzee akapanga foleni penye lindo la Letchumi, pasipoti mkononi.