Nilidhani Ni Moto wa Roho

Jina la Yesu liinuliwe asubuhi hii, ndugu zangu! Liinuliwe tena! Mimi ni Maman Nzigire wa Etterbeek, na nimesimama mbele yenu kwa sababu niko hai.

Mnanijua, mimi ni mutu wa maombi ya mulima. Kule Bukavu tulikuwa tunapanda mulima kufunga na kulia mbele za Mungu. Hapa Bruxelles mulima uko wapi? Bon, nikachagua parc moja, bustani ya miti kule Woluwe. Januari hii dada yangu aliugua sana kule nyumbani, nikasema nitamuombea huko, bila kula. Maman Furaha, mwenzangu wa sala, akanisindikiza.

Ndugu zangu, theluji ilikuwa inaanguka ya majimaji! Nilipiga magoti, kitenge kikalowa chapachapa. Nikatetemeka vibaya. Nikalia, "Bwana, shusha moto!" Asubuhi ikapita hivyo. Halafu kutetemeka kukaisha, joto likaja! Joto kabisa! Nikajua Roho ameshuka. Nikavua manteau, koti langu zito la baridi, nikaitupa. Ulimi ulikuwa mzito, maneno hayaeleweki, na Maman Furaha akadhani nanena kwa lugha. Akawa anaitikia amina!

Mungu ana huruma. Alipokuja kunishika mkono tufunge maombi, aliukuta kama nyama iliyoganda ya congélateur. Akapiga kelele: "Nzigire, ile si Roho! Ni baridi inakuua! Vaa manteau!"

Nikamsukuma. "Acha, unazima moto wa Bwana!"

Hakuniacha. Akapiga simu ya dharura, 112, akanivua kitenge chenye maji, akanifunga ndani ya manteau yake mwenyewe, akanikumbatia huku analia mpaka ambulance ikafika. Hospitalini wakanieleza kwamba mwili ukipoa kupita kiasi unadanganya: mutu anasikia joto, kumbe anakufa. Nililia kwa haya, wapendwa, halafu nikalia kwa furaha.

Donc, wewe uliyefika juzi toka Uvira na kijaketi chepesi, usione haya. Nifuate baada ya ibada, niko na manteau kabatini. Ukianza kutetemeka nje, ingia ndani, vaa nguo kavu, kula kitu cha moto. Mungu hatakasirika! Mtegemee, anakupenda ukiwa mzima.

Dada yangu bado yuko kitandani. Jumamosi tunamuombea kwangu nyumbani, salon, karibu na chauffage inayopasha nyumba joto, na mlango uko wazi kwa wote.

Maman Furaha, simama kidogo watu wakuone! Inua mikono, maman. Ndugu zangu, niliomba moto, na Mungu alinijibu kwa mikono hii.