Damu Haina Mkono: Historia ya Marehemu Protus Wabwile Makokha

Wazee wetu, wakwe zetu wa Malakisi, watumishi wa Mungu, na majirani wa Kitale mliofunga maduka kuja kumsindikiza fundi wenu, familia inawakaribisha msikie safari ya mtu aliyependa kucheka kuliko kula, na atakayecheka hapa asidhani amekosa adabu.

Marehemu Protus Wabwile Makokha alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Kanduyi, mtoto wa tatu wa Mzee Makokha na Mama Nabwile, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akatahiriwa Agosti 1972 bila kupepesa jicho, kwa ushahidi wake mwenyewe, kisha akaingia sekondari na kuiacha kidato cha pili, maana kila siku alitoroka kwenda kutazama mashine ya posho, ile ya kusaga unga, ikifunguliwa.

Mwaka 1977 alihamia Kitale kujifunza ufundi wa mashine hizo, kazi aliyoifanya hadi mwisho, akibembeleza mashine iliyogoma kama mtu anayebembeleza mtoto wa kwanza, na tarehe 22 Desemba 1984 akafunga ndoa na Benedetta Nekesa, binti wa Mama Rael Nasike wa Malakisi, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote wako hapa leo.

Kwetu, kama mjuavyo, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia, basi kwa miaka ishirini Protus na Mama Rael walipendana kwa mbali, yeye akisimama langoni na gunia la unga aliousaga mwenyewe, akiuliza hali ya nyumbani kwa sauti, na mama akimjibu kutoka jikoni kana kwamba anaongea na kuku.

Tarehe 14 Agosti 2004, akiwa kazini Kitale, alishikwa na maumivu ya tumbo yaliyomwangusha chini, akakimbizwa hospitali, kisha Eldoret, ambako madaktari walimpasua na kukuta mshipa mmoja wa damu wa tumboni umepasuka. Walieleza kwamba ni ugonjwa nadra sana, unaolegeza ukuta wa mishipa mpaka unavimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, kwamba haukuletwa na chakula wala mkono wa mtu, na kwamba mishipa miwili ya kichwani nayo ilikuwa imevimba na haikufaa kuguswa. Habari zilipofika Kitale kwamba Protus ana mshipa, majirani walielewa ngiri, wakamletea mizizi ya kuchemsha, naye akaipokea yote kwa heshima, akisema kwamba tangu aumwe hajawahi kutazamwa suruali na watu wengi hivyo.

Lakini kabla ya kicheko hicho kulikuwa na kilio, kwa sababu damu yake ilikuwa ya kundi lisilopatikana kwa urahisi, ndugu wote walipimwa na hakuna aliyefaa, na aliyefaa, baada ya kujitolea kupimwa, alikuwa mama mmoja aliyeketi nje ya lango la hospitali kwa sababu ya heshima, naye ni Mama Rael. Wazee walivutana, wengine wakisema ni afadhali kupeana mkono mara mia kuliko kutiana damu, mpaka mama mwenyewe akasimama akasema, "Si mwiko ni wa mkono? Damu iko na mkono gani?" Akaingia, akatoa, na Protus akaishi.

Aliishi karibu miaka mitano, akijua kilichomo kichwani mwake, na hiyo ndiyo miaka aliyofurahi kuliko yote, akamwoza binti yake wa kwanza, akawafundisha kazi vijana, akabaki na kiu moja tu, kumshukuru mama mkwe kwa mkono, jambo ambalo hakuthubutu kuliomba.

Tarehe 17 Juni 2009 alipeleka unga Malakisi kama kawaida, akasimama langoni, akaita, na kabla ya kujibiwa akashika kichwa na kuanguka. Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine ila Mama Rael, naye alitoka jikoni, akaketi chini, akaupokea mkono wa mkwe wake na hakuuachilia mpaka gari lilipofika. Protus alikuwa bado na fahamu, akamwambia, "Mama, leo umenisalimia." Alifariki jioni hiyo hospitalini Bungoma.

Mama Rael ameomba jambo hili lisomwe hapa, mbele ya wakwe na wazee, asije mtu akalisema pembeni, na familia ya Makokha inatangaza kwamba haioni kosa, haidai utakaso, na kwamba nafasi yake leo ni hapa mbele, karibu na jeneza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale, Eldoret na Bungoma, dereva aliyeacha abiria wake Malakisi, mafundi wenzake, na majirani kwa sala zao, pamoja na ile mizizi.

Pumzika kwa amani, Protus, salamu yako ilipokelewa.