Nafasi Kando ya Glafira Stepanovna: Maisha ya Jenerali Yakov Vilimovich Dalgarno

Tarehe 3 Februari 1818, katika kanisa la Kilutheri la Kronstadt, mtoto wa kiume alibatizwa kwa jina la Yakov. Babu yake, seremala wa meli, alikuwa ametoka Uskoti kumjengea Tsar, mfalme wa Urusi, meli za vita, akikusudia kurudi kwao barafu ikiyeyuka. Barafu iliyeyuka miaka mingi, naye hakurudi. Marehemu Jenerali hakujua neno hata moja la lugha ya babu huyo, lakini alisema kwamba ndotoni aliisikia ikisemwa nyuma ya ukungu, na aliielewa yote.

Alisoma katika shule ya maofisa huko St. Petersburg, akamaliza mwaka 1837. Alifaulu vizuri hesabu na uchoraji wa ramani. Dansi ilimshinda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa milima ya Dagestan. Jioni moja, kabla ya shambulio, aliwakuta askari wake wakioga na kuvaa mashati safi. Akafoka kwamba mashati hayo ni ya gwaride.

"Ya gwaride, afande?" alisema Sajini Terenti Bobyl. "Haya ni ya kufia. Mtu hamwendei Mungu na jasho la jana. Kwani huko kwenu mnakufa wachafu?"

"Kwetu wapi?"

"Sasa hilo si unalijua mwenyewe, afande?"

Luteni Dalgarno aliingia hemani, akabadilisha shati. Tangu hapo kikosi kiliacha kumwita Mjerumani, jina walilompa kila mgeni.

Alipigana kuulinda mji wa Sevastopol, akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali mwaka 1859 na Luteni Jenerali mwaka 1868. Alistaafu miaka miwili baadaye.

Mwaka 1847 alimwoa Glafira Stepanovna Vereteva, Mwothodoksi wa hapa Opochka. Kama sheria inavyotaka, binti zao wawili walibatizwa katika kanisa la mama yao. Kila Pasaka baba yao alisimama karibu na mlango wa kanisa hilo, mshumaa mkononi.

"Baba, sogea ndani, paa halitakuangukia!" Agrafena alimtania.

"Likianguka," alijibu, "mimi nitakuwa wa kwanza kutoka niwaite watu waje wawafukue."

Glafira Stepanovna alifariki mwaka 1871, akazikwa katika uwanja wa kanisa lake. Kuanzia siku hiyo Jenerali alikuwa na ombi moja tu: alazwe kando yake. Alikataliwa, kwa sababu ni Mlutheri. Marafiki walimshauri abadili dhehebu, mambo yaishe.

"Nilimwapia Tsar mbele ya mchungaji wangu," aliwaambia. "Nikiiacha imani niliyoapia, kile kiapo kitabaki cha nani?"

Hakubadili, wala hakuacha kuomba.

Septemba mwaka huu kifua kilimlaza. Alitazama dirishani siku nzima, akisema anawaona watu wenye mashati meupe wakivuka bustani bila kukanyaga majani. Wiki iliyopita Padri Evlampi wa kanisa la mkewe alikuja na jibu la askofu.

"Amekubali ulale pale, Jenerali. Ibada ya wafu hakuna. Nimeruhusiwa kuimba 'Mungu Mtakatifu' tu, kutoka langoni hadi kaburini."

"Ni karibu mno hapo, Padri."

"Karibu kwa mwenye haraka. Mimi magoti yananiuma."

Jenerali alicheka hadi akakohoa. Alfajiri ya tarehe 9 Novemba 1879, theluji ikianguka bila upepo, alifariki akiwa usingizini.

Ameacha binti zake Agrafena na Lizaveta, wakwe wawili, wajukuu watano, na Terenti Bobyl, aliyekuja kwa miguu kutoka Novorzhev. Mungu ampe usingizi mtulivu.

Mchungaji sasa atafunga sala hapa nyumbani. Kisha jeneza litapelekwa hadi lango la kanisa, ambako Padri Evlampi atalipokea na kutangulia akiimba, na Jenerali atazikwa kando ya mke wake.