Kidole cha Maman Clémence

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, muuguzi Clémence Nabintu anavua blauzi yake nyeupe baada ya miaka thelathini na minne katika hospitali yetu hapa Bukavu. Kumi na saba kati ya hiyo aliwatumikia watoto na vijana wenye kisukari. Mkurugenzi ameniomba niandike maneno ya furaha. Nitajaribu, ingawa tangu Jumatatu kila nikipita mbele ya chumba chake najikuta nimesimama tu, sijui nangoja nini.

Alianzia wodi ya uzazi mwaka 1990. Mwaka 2007 alipewa chumba cha mwisho wa korido, meza moja na kipimo kimoja cha sukari, akaambiwa awapokee watoto kila Alhamisi. Siku ya kwanza walikuja wawili. Leo daftari lake lina majina sitini na manane, na hakuna mtoto hata mmoja ambaye Maman Clémence hajui nyumba yao iko upande gani.

Vita vyake vya kwanza vilikuwa na karuho, ile sumu ambayo kwetu husingiziwa kila mara mtoto anapokonda ghafla. Mtoto anakunywa maji bila kukoma, anakojoa kitandani, anaisha mwili, na familia inaanza kumtazama jirani kama mchawi. Maman Clémence alizunguka makanisani, shuleni na sokoni Walungu na sentensi yake moja: "Mbele ya kutafuta mulozi, mupime kwanza mukojo ya mutoto." Vijana wa sekondari aliwaambia wapunguze soda na wacheze mpira, ili kile kisukari cha watu wazima kisiwawahi. Mimi mwenyewe alininyang'anya soda mara mbili, mbele ya wagonjwa.

Siwezi kumwacha Papa Constantin wa Nyalukemba. Umeme ulipokuwa ukikatika siku baada ya siku, aliipeleka insulini ya mwanawe Dany kwenye friza ya baa yenye jenereta, katikati ya chupa za bia. Alhamisi akatuletea, amejaa fahari, imeganda kama jiwe. Maman Clémence alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaitupa, maana insulini iliyoganda haifai tena, akampa nyingine, na jioni akaenda mwenyewe kwao na mtungi wa udongo. Aliuweka kivulini ndani ya beseni la mchanga uliolowa maji, akamwonyesha jinsi ya kuiweka dawa ndani ibaki baridi. Sasa mitungi hiyo iko hadi kule Sange, mbali na mji. Dany naye alipofika miaka kumi na mitano aliacha kujidunga, akiwaonea wenzake aibu. Maman hakumgombeza. Alimpa kazi ya kuwafundisha wadogo kushika sindano, na kijana hakuacha tena.

Lakini tutakachokikosa zaidi ni kidole chake. Kabla ya kumtoboa mtoto yeyote kidole, alijitoboa chake kwanza, kila mmoja kwa sindano yake mpya, akaonyesha tone. "Angalia, na miye niko na damu sawa yako." Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu. Kwa miaka nilimtania kwamba anapoteza muda na sindano. Ukweli, ambao ninaukiri hapa kwa mara ya kwanza, ni kwamba mimi Raphaël, muuguzi mwenye miaka kumi na tisa kazini, naogopa sindano ikielekezwa kwangu.

Na ni mimi niliyepewa kiti chake.

Jana ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho. Alikataa kuingia chumbani. Alikaa kwenye benchi la korido, mkoba magotini, ili watoto wanizoee. Wa kwanza kuingia alikuwa Ariane, msichana wa miaka tisa kutoka Walungu, ambaye kwao walimtibu karuho wiki mbili kabla ya kumleta kwetu amezimia. Tangu siku ile hajawahi kutoa kidole kwa mtu mwingine isipokuwa Maman. Alinitazama, akaficha mikono mgongoni. Mama yake akaanza kumsihi. Niliogopa kweli, kwa sababu mtoto anayeacha kuja, habari zake tunazisikia msibani.

Nikachukua sindano, nikaielekeza kwenye kidole changu. Nikaishusha. Nikaiinua tena, nikaishusha vilevile.

Ariane akatoa mikono, akafungua sindano yake mwenyewe, akajitoboa na kuniinulia tone hadi karibu na pua.

"Tonton, usiogope. Iko inauma kidogo tu."

Nikajitoboa. Iliuma zaidi ya alivyosema. Kipimo chake kilikuwa kizuri, na nilipofungua mlango nimwite anayefuata, nikamkuta Maman Clémence analia kwenye benchi. Alikuwa amesikia kila neno.

Maman, kwa niaba ya wenzako wote na majina sitini na manane ya daftari lako, aksanti sana. Tutakukosa kila Alhamisi, na hilo sitalificha. Mungu akupe miaka mingi ya kukaa barazani kwako Nyalukemba bila haraka. Nenda ukapumzike, na vidole vyako vipone. Sasa ni zamu ya vyetu.