Bwana Afya Aliyeachwa na Mashua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia visiwa vyetu, bwana afya Peceli Tamanivalu anastaafu tarehe 28 Novemba.

Alianza na vyoo na matangi ya maji. Minara ya simu ilipoingia, alikabidhiwa kipimo cha mawimbi ya minara hiyo ambacho sote tulikikwepa, maana kila kijiji kiliuliza swali lilelile: mnara huu unatuua? Peceli hakumcheka aliyeuliza. Sisi wengine tulicheka, tena ofisini.

Tutamkumbuka zaidi kwa yale ya kijiji cha Nasawani. Mereseini, ambaye nyumba yake iko chini ya mnara, alikuwa na binti aliyeumwa kichwa na kutapika kila jioni. Mama huyo alishafunga virago ahame. Wazee walitaka mnara ung'olewe, ingawa ndiyo njia pekee ya nesi kuita mashua ya wagonjwa. Peceli alikwenda mara mbili. Alitoa yaqona, mizizi ya kinywaji cha kukaribishana, kwa wenyeji kama desturi, akanywa kifuu kimoja tu kutoka bakuli la pamoja, akapima, akakuta mawimbi yako chini kabisa ya kiwango cha hatari, akawaambia hivyo na kukimbilia mashua. Binti akaendelea kutapika.

Mara ya tatu Mereseini, ambaye watu wake na wa kina Peceli ni watani, alimzibia mlango. "Wee mtani, unapima huku unakimbia kama mwizi wa kuku! Bakuli halijaisha. Kaa!"

Akakaa. Mashua ikamwacha. Jua lilipozama, jenereta la mnara likawaka nyuma ya ua, upepo ukaingiza moshi wa dizeli ndani, na haukupita muda Peceli mwenyewe akashika kichwa. Kijiji kizima, yeye akiwemo, kilikuwa kikitazama juu tu.

Alisumbuana na kampuni miezi mingi hadi jenereta likahamishiwa ng'ambo ya kilima. Binti alipona, na leo anafundisha shule ya palepale. Mnara bado upo. Tangu siku ile Peceli hakuondoka kijiji chochote kabla bakuli halijaisha. Nahodha wetu alinung'unika mpaka akazoea. Mimi nilimpenda Peceli kwa hilo.

Mwezi ujao anahamia Nasawani, kwenye kiwanja alichopewa jirani na Mereseini, chini ya mnara uleule.

Peceli, asante kwa yote. Tunakutakia afya, usingizi mtamu na maisha mema. Safari hii hakuna mashua inayokusubiri. Kaa.